Betri Haina Kosa

Kila asubuhi Mama Pacha aliwavusha wanafunzi ziwani kwa boti. Watoto wake mapacha walikaa mbele kabisa, ili wawe wa kwanza kufika ng'ambo. Boti hiyo ilitengenezwa na mume wake, seremala.

"Mimi nimetengeneza mwili tu," alizoea kusema. "Roho iko nyuma."

Roho ni injini. Haikuwa ya kuvuta kamba. Ilikuwa ya kubonyeza swichi.

Siku moja magugu yalijisokota kwenye propela. Mama Pacha akazima injini, akayang'oa, akabonyeza swichi. Tik. Akabonyeza tena. Tik. Upepo ukaanza kuisukuma boti kwenye mawe.

"Mama, mbona hatuendi?" akauliza pacha mmoja.

"Tunaenda. Kaeni chini. Fungeni maboya yenu vizuri."

Akashika kasia. Viganja vilitoka malengelenge, lakini walifika salama. Habari, hata hivyo, ilifika vijijini kabla yake. Kesho yake boti ilipata abiria wawili tu: mapacha wake mwenyewe.

"Ni betri," alisema mume wake. "Tununue nyingine."

"Hii ndiyo hiyo nyingine, baba. Ile ya kwanza si unazuia nayo mlango wa karakana yako?"

Seremala akakuna kichwa. Kisha akampigia simu mdogo wake, fundi wa injini za boti.

Fundi alifika akicheka. "Shemeji, nasikia betri unazila!"

"Nimekula mbili, shemeji, na bado nina njaa. Niambie kunani."

Fundi hakwenda kwenye boti. Aliuliza kwanza habari za injini ya zamani, ya kuvuta kamba, iliyoachwa na marehemu baba yake Mama Pacha. Ilikuwa stoo, imejaa vumbi. Haikuwa na mafuta wala betri. Fundi akafungua kifuniko na kutoa plagi ili izunguke kwa wepesi. Akaunga balbu ndogo ya tochi kwenye nyaya mbili zinazotoka ndani ya injini.

"Vuta kamba, shemeji."

Mama Pacha akavuta. Balbu ikawaka, ikazimika.

Akaiacha kamba kama imemuuma. "Mungu wangu! Umeme huo umetoka wapi? Injini hii imekufa!"

"Vuta tena."

Akavuta kwa nguvu zaidi. Mwanga ukamulika kuta za stoo. Mama Pacha akasimama ameduwaa.

Fundi akalifungua gurudumu zito la juu, linaloitwa flaiwili, akamwonyesha ndani yake. Akasogeza msumari, ukanasa kwa kishindo. Kulikuwa na sumaku kuzunguka ukingo wote. Chini ya flaiwili kulikuwa na koili, yaani nyaya za shaba zilizoviringishwa.

"Na hizi sumaku zinagusa koili?" aliuliza Mama Pacha.

"Hazigusi hata kidogo. Zinapita karibu, kwa kasi."

"Zinapitana tu bila hata kusalimiana, na umeme unazaliwa?"

"Ndiyo hivyo. Betri yako ni mtungi. Swichi inachota. Flaiwili inapozunguka, inajaza. Mtungi usiojazwa hukauka, hata ukiwa mpya. Twende tukatafute maji yanapokatikia."

Betri ilikuwa imeshachajiwa dukani. Walipofika kwenye boti wakaipima, injini ikiwa imezimwa, mita ya fundi ilisoma volti kumi na mbili na nusu hivi.

"Hiyo ni nzima," alisema fundi. "Sasa washa, ongeza mwendo kidogo. Nguo na mikono iwe mbali na flaiwili. Mita ipande karibu na kumi na nne."

Mita haikupanda. Ikashuka.

"Betri haina kosa," alisema fundi. "Haijazwi."

Injini ilipozimwa, alishika nati za betri. Zikacheza. "Nani alizifunga hizi?"

"Mimi, kwa vidole."

"Vidole ni vya kula, shemeji. Nati zinataka spana."

Wakasugua kutu, wakakaza nati. Mita bado haikupanda. Wakatazama fyuzi: nzima. Wakapima koili: umeme ulikuwepo, na ulizidi kadiri injini ilivyokaza mwendo. Kikabaki kidude kimoja chenye mapezi ya chuma.

"Hii ni rektifaya," fundi alieleza huku akiipima. "Umeme wa koili huenda na kurudi. Betri haiupokei hivyo. Rektifaya huupeleka upande mmoja tu. Hii yako inapitisha pande zote mbili. Imeungua."

"Imeunguzwa na nini?"

"Na zile nati. Zilipocheza, betri iliachana na injini ghafla. Umeme ukakosa pa kwenda, ukaichoma. Ndiyo maana hatuchomoi waya wa betri injini ikiwa inazunguka."

Akafunga rektifaya mpya. Safari hii Mama Pacha alishika mita mwenyewe. Kumi na tatu. Kumi na tatu na nusu. Kumi na nne. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akausikia mtetemo. Alifikiria zile sumaku zikikimbia humo ndani gizani, hazigusi kitu, zinajaza mtungi.

Jumamosi aliwaita wazazi. "Leo nawavusha ninyi, si watoto."

Walipanda kwa shingo upande. Nyuma yao alipanda bibi wa mwanafunzi mmoja, ameshika boya lake kwa mikono miwili. Walipofika katikati ya ziwa, Mama Pacha akazima injini.

Kimya. Mawimbi yakapiga ubavu wa boti.

Akabonyeza swichi. Injini ikanguruma.

Akazima tena, akawasha tena. Akawaonyesha mita, akawaeleza habari za sumaku na koili. Wazazi wakatazamana.

"Jumatatu wangu atakuja," alisema baba mmoja.

"Na wangu," wakadakia wengine.

Bibi alikuwa ameinamia injini, mdomo wazi, boya amelisahau miguuni.

"Zima tena, mwanangu," alinong'ona. "Nataka nisikie inavyowaka."