Goma Katika Sahani

Kila asubuhi Munezero alichota maji, akafagia vumbi jeusi la uani, akanywa chai yake, kisha akaanza kazi aliyoipenda kuliko zote: kujisifu. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mkazi wa Mabanga, na aliishi na mama yake pamoja na nyanya yake, Koko Eugénie. Mama aliuza vitenge huko Birere na alirudi jua likiwa limeshachoka, kwa hiyo sifa zote za mchana zilimwangukia Koko. Munezero alisifu mwandiko wake. Alisifu viatu vyake. Siku akikosa la kusifu nyumbani, alisifu mji mzima.

"Koko, Goma iko na watu milioni mbili! Milioni mbili!"

Koko alikuwa anachambua maharagi. Hakuinua kichwa.

"Nani alituhesabu, mutoto wangu? Mara ya mwisho serikali kuhesabu watu, mimi nilikuwa na meno yote mdomoni. Labda wale waliohesabu walichanganya na meno."

Munezero alicheka, akachukua mfuko wake, akaenda shule. Lakini zile milioni mbili hakuziacha nyumbani. Alizibeba.

Wiki ile Mwalimu Édouard alikuwa na jambo kubwa. Jumamosi ingekuwa proklamasiyo, siku ya kusoma matokeo ya mwaka mbele ya wazazi, naye alitaka wazazi wakute ramani ya jimbo imechorwa kwenye ukuta wa nje wa darasa. Kazi hiyo aliwapa watoto wawili. Munezero alichaguliwa kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Masika alichaguliwa kwa sababu alizijua barabara. Alikuwa amekuja kutoka Lubero mwanzoni mwa mwaka, akakaa kwa shangazi yake katika kata ya Mapendo, na tangu siku ya kwanza yeye na Munezero walikalia benchi moja na kugawana andazi moja.

Alhamisi baada ya masomo wakaanza. Masika alishika ngazi, maana uwanja wa shule ni mawe ya volkano matupu na ngazi haikai sawa bila mtu. Munezero alipanda juu. Mpaka wa jimbo ukatoka vizuri, na ziwa likakaa mahali pake, chini. Kisha ukafika wakati wa kuchora miji. Munezero akashuka, akaenda kwenye chumba cha vifaa, akarudi na beseni.

"Hilo ni la nini?" Masika akauliza.

"La kuchorea Goma."

Akalikandamiza beseni ukutani, akazungusha rangi. Goma ikawa kubwa kama gurudumu la lori. Ikameza Rutshuru yote. Masisi ikabanwa pembeni kama mutu aliyekosa nafasi kanisani. Butembo na Beni zikapanda juu, karibu na mabati, na kati yazo na Goma hapakubaki nafasi.

"Na Lubero?" Masika akauliza taratibu.

Pale uani walikuwepo wanafunzi wengine wakitazama, na Munezero alikuwa mtoto ambaye akiona watu wanamtazama, ulimi wake unaanza kucheza peke yake.

"Lubero itakaa wapi? Miji mikubwa ndiyo ya maana, Masika. Kale kamji kenu, hata mukipiga chafya wote pamoja, huku Goma hatusikii!"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Masika hakucheka. Aliisafisha brashi yake kwa maji, akaipangusa, akaiweka juu ya jiwe. Kisha akavaa mfuko wake mgongoni.

"Basi baki na milioni zako mbili," akasema. "Zikushikie ngazi."

Akaondoka.

Mwalimu Édouard, aliyekuwa mlangoni, alisikia yote. "Kazi hii niliwapa wawili," akamwambia Munezero. "Kesho asubuhi nikikuta uko peke yako, ukuta wote naupaka chokaa. Wazazi watakuja kuangalia chokaa."

Munezero alifika nyumbani akiwa na njaa. Alimweleza Koko habari yote, ila alianzia mahali panapompendeza yeye.

"Masika amenuna bure tu, Koko. Ameniacha na kazi."

"Bure?" Koko akasema. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... juu ya chafya."

"Chafya gani?"

Ikabidi Munezero ayarudie maneno yale yote, na ajabu ni kwamba jikoni hayakuchekesha hata kidogo. Koko alikaza midomo. Kwa Koko huwezi kujua kama anazuia hasira au anazuia kicheko.

"Vema," akasema. "Nawa mikono. Leo tunakula Goma."

Akaweka mezani sahani iliyofunikwa, na kikombe pembeni. Munezero akafunua haraka. Ndani ya sahani mlikuwa na jiwe jeusi la volkano, lenye vitundu vitundu, limeoshwa likang'aa.

"Koko! Hili ni jiwe!"

"La hapa hapa. Limezaliwa Goma, limekulia Goma. Na kwenye kikombe ni maji ya ziwa. Usiogope, nimeyachemsha jana."

"Kwa nini hata jiwe lenyewe ni baridi?"

"Makala ya kuwashia moto yanatoka Masisi. Nikasema, kamji kadogo kale, mutoto wangu hatayataka makala yake."

Munezero akafikiri kwa nguvu. "Sambaza! Sambaza ni samaki wa ziwa letu!"

"Ni kweli," Koko akasema kwa huzuni kubwa, ya uongo mtupu. "Lakini mwezi umejaa. Mwezi ukijaa samaki hawafuati taa, na wavuvi wamelala kwao. Anza na upande ule wa jiwe, unaonekana laini."

Wakati huo harufu ilikuwa inatoka jikoni. Viazi, maharagi na kitunguu, vimeiva pamoja. Tumbo la Munezero likajibu kabla yake.

"Koko, kuna sufuria kule."

"Iko. Maharagi ni ya Rutshuru, na hayo ningekupa, maana Rutshuru umeimeza nzima kwa beseni lako. Lakini viazi ni vya Lubero. Hivyo siwezi kukupa, mwenye viazi umemfukuza. Na shida ni kwamba nimevipika na maharagi sufuria moja." Koko akatikisa kichwa. "Labda uende ukamuombe ruhusa."

Munezero akamwangalia aone kama anacheka. Koko hakucheka. Alikaa mbele ya mlango wa jikoni, akavuta kitenge chake magotini, kama polisi wa mpaka.

Kutoka Mabanga hadi Mapendo si mbali, lakini siku ile njia ilirefuka. Vijana waliteremka na chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zimelemewa na magunia ya viazi na kabichi. Kila siku zilimpita. Kila siku alizifokea zimpishe. Leo alisimama kando, akazipisha yeye. Hakuona hata moja iliyokuwa inatoa gunia la viazi Goma kulipeleka kwingine.

Alimkuta Masika uani kwa shangazi yake, anaosha sufuria.

"Koko amenituma," Munezero akasema.

"Kufanya nini?"

"Kuomba... kuomba ruhusa ya kula viazi."

Shangazi yake Masika, aliyekuwa amekaa karibu, akageukia ukuta ghafla, mabega yakawa yanatikisika. Masika mwenyewe akajaribu kukaza uso.

"Viazi gani?"

"Vya kwenu." Munezero akatazama vidole vyake vya miguu. "Masika, nilikosea. Nilitaka wale wengine wacheke, na nikakutumia wewe."

Masika akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Mama yangu analima viazi vile," akasema. "Mvua inamnyeshea shambani. Uliposema juu ya chafya, mimi niliona wanamcheka mama."

"Mimi simjui mama yako."

"Ndiyo. Humjui, na ulimcheka."

Munezero akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka. Masika akaiacha sufuria.

"Haya, acha kulia, utaongeza maji ya ziwa. Viazi vya leo, natoa ruhusa. Vya kesho, tutaona."

"Njoo ule na sisi! Kule nyumbani kuna jiwe tu."

"Jiwe gani?"

Munezero akamweleza, na walipofika Mabanga walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mikono wasianguke. Koko akainuka mlangoni, akafungua njia, akapakua. Sahani ya Masika ndiyo iliyojaa kwanza.

Kesho yake alfajiri wote wawili walikuwa ukutani, wanakwangua rangi. Beseni lilirudi kazini kwake. Sasa walitumia kikombe kimoja kwa miji yote: Goma kikombe, Lubero kikombe, Beni na Masisi kikombe. Kisha Masika akapanda ngazi kuchora barabara, na zamu hii Munezero ndiye aliyeishika, kwa mikono miwili.

Jumamosi Koko Eugénie alikuja amevaa kitenge cha sikukuu. Akasimama mbele ya ukuta, akakunja macho.

"Goma yangu iko wapi? Mumeiuza?"

"Ni hii, Koko," Munezero akasema.

"Kadogo hivi?"

"Ni kadogo. Lakini angalia barabara."

Koko akazifuata kwa kidole moja moja. Mwalimu Édouard na wazazi wengine wakasogea kusikiliza, naye alipoona ana wasikilizaji, sauti ikapanda kidogo. Sasa munajua Munezero alirithi wapi.

"Mimi nilizaliwa Goma hii ikiwa ndogo," akasema. "Ulijua kila mbuzi na mwenyewe. Je, siku zile sisi hatukuwa watu? Wingi ni wingi tu, watoto wangu, ni jambo la kutafutia maji na vyoo vya kutosha. Ukitaka kujua maana ya mji, uliza unawapa wengine nini, na unapokea nini kwao. Goma inanunua viazi vya Lubero, Lubero inapata pesa ya kusomesha mutoto kama huyu. Mmoja akimdharau mwenzake, wote wawili watalala njaa. Na mutu ni vilevile. Usimpime kwa ukubwa wa mahali alikotoka."

Munezero akaitikia kwa kichwa. Hakusema neno la kujisifu, ingawa mistari ya ramani ile ilikuwa imenyooka kweli.

Kisha Koko akaingiza mkono katika kikapu chake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akampa Masika.

"Ukienda likizo, mupelekee mama yako. Mwambie asante ya viazi. Sisi hapa hatulimi sana, lakini kwa kusugua kisigino, Lubero nzima hamutapata kingine kama hiki."

Masika akafungua kitambaa, akakigeuza kitu kile mkononi. Kilikuwa cheusi, kina vitundu vitundu.

"Koko, si ndilo lile la kwenye sahani?"

"Ndilo," Koko akasema. "Munezero alishindwa kulimaliza."