Ferney Alivyomzika Mama Aliye Hai

"Zima hiyo simu, Yolima. Mama asikie ya nini?"

Ferney alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Yolima, mchumba wake, hakuizima. Aliiweka mezani mbele ya Mama Aura, mama mkwe wake mtarajiwa, aliyekuwa akimenya viazi.

Wapenzi hao walisomea ualimu kwa njia ya mtandao, chuo kimoja cha mjini Pasto, kila mtu kwa saa inayomfaa. Ferney alikuwa mvivu wa mijadala. Wiki nenda wiki rudi aliandika "naungana na mwenzangu", basi. Ndipo mwalimu akawataka warekodi sauti, kila mmoja asimulie jambo lililombadilisha, na wenzake wamjibu.

Asubuhi ile Yolima alikuwa akifua huku akisikiliza. Ikafika zamu ya Ferney. Alisimulia alivyomwosha mama yake aliyekufa kwa saratani, alivyomchana nywele chache zilizobaki. Yote yalikuwa maneno ya Yolima kuhusu marehemu mama yake, aliyomnong'oneza Ferney peke yake. Hata kulia, alilia. Darasa zima likampa pole, naye akawajibu mmoja mmoja: "Asante, naendelea kupona." Yolima akaziacha nguo majini, akaenda na simu jikoni kwa Mama Aura.

Sasa Mama Aura alisikiliza kifo chake mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Umenizika, mwanangu?" aliuliza taratibu.

"Ni zoezi tu, mama. Alama zangu za ushiriki zilikuwa mbaya." Akamgeukia Yolima. "Mpenzi, si wewe uliniambia nichangie cha moyoni?"

"Cha moyoni mwako. Wewe hukumwosha, Ferney. Ile harufu huijui. Umeibeba maiti ya mama yangu ukaenda kuombea maksi."

Ferney alipomshika mkono, Yolima alisisimka kwa kinyaa kama aliyekanyaga konokono. Alikwenda kwenye sinki, akapaka sabuni kidole, pete ya uchumba ikateleza ikatoka. Mama Aura akakinga kiganja.

"Nipe mimi, binti yangu. Huyu kafiwa, hawezi kuoa."

Jioni ujumbe wa Ferney ukaingia. Hapakuwa na samahani. "Tafadhali usimwambie mwalimu."

Yolima alifungua ukurasa wa darasa, akaandika chini ya sauti ile, pale penye pole zote:

"Mama yake Ferney ni mzima. Marehemu ni mama yangu, na aliyemwosha ni mimi."