Jua Halikuwa Dawa ya Presha

Mume wangu ni fundi cherehani. Chumba chetu cha kushonea hakina dirisha. Aliingia humo asubuhi na mapema, akatoka jua limezama. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa.

Mwaka jana alipimwa hospitalini. Presha ilikuwa juu, vitamini D ilikuwa chini. Alipewa dawa za presha na vidonge vya vitamini. Aliambiwa pia aache sigara na apunguze chumvi. Sisi tukachagua lililotupendeza.

"Umekosa jua tu," nilimwambia. "Nasikia wenye vitamini D kidogo ndio wanaopata kiharusi. Ukiijaza hiyo, za presha za nini?"

"Kweli, mke wangu. Zile zinanichosha."

Akaziacha. Kila asubuhi alitoa kiti uani, akaota jua na sigara yake mkononi. Wateja walimtania, "Fundi, unajianika?" Naye alicheka.

Siku moja, saa nne asubuhi, alikuwa akikata kitambaa cha suti. Mkasi ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Maneno yalimtoka kama ya mlevi. Nami nikampeleka wapi? Uani! Nikamkalisha juani apate nguvu. Hadi leo najichukia.

Jirani yetu muuguzi alipita, akamwona.

"Dada, amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu saa nne."

"Na sasa ni saa sita! Hicho ni kiharusi. Tafuta gari, haraka!"

Nilitaka kumpa maji, akanizuia. "Usimpe kitu, atapaliwa."

Hospitalini mume wangu aliingizwa ndani, nasi tukakaa kwenye benchi, mimi na yule muuguzi. Nililia, "Si nilimjazia vitamini?"

"Vitamini D husaidia mifupa," alisema. "Ni kweli, wengi wenye kiharusi hukutwa nayo kidogo. Lakini haijathibitika kwamba kuimeza kunazuia kiharusi. Adui mkubwa ni presha. Halafu kuna sigara, kisukari, chumvi nyingi na kukaa kutwa nzima. Dawa ya presha haiachwi hivihivi, dada. Ikikuchosha, mwambie daktari akubadilishie."

"Na jua?"

"Jua ni zuri, lakini halitibu kiharusi. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, mkimbize mtu hospitali papo hapo. Mkichelewa, ubongo unazidi kufa."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Dada, uliniuliza lini?"



Siku ileile muuguzi alinipima na mimi. Presha yangu nayo ilikuwa juu, na sikujua. Sasa tunameza dawa zetu kila asubuhi, saa moja, bila kuruka. Chumvi tumepunguza. Sigara hazimo tena ndani. Jioni tunatembea polepole, yeye na fimbo yake. Presha zetu zimeshuka, na muuguzi anatusifu.

Lakini mkono wake wa kulia haukurudi, wala maneno yake. Siku hizi nguo za wateja nakata mimi. Nikikosea, ananiona. Anafungua mdomo anirekebishe, anahangaika, neno halitoki. Nami naendelea kukata vibaya, nikiwa nimeinamisha kichwa asinione ninavyolia.