Chupa Iliyoachwa Wazi

Kiteremshi cha mnara mpya wa Tanga hakikuwa na kamba wala waya. Chumba cha vioo kilishuka ghorofa tisini ndani ya bomba lisilopitisha hewa, kikizuiwa na breki ya chumvi oevu, chumvi ambayo ni majimaji bila kutiwa maji, nzito kama asali. Mnato wake ulipunguzwa kwa spiriti kidogo. Ikizidi, chumba kinaporomoka, ikipungua, kinakwama.

Aliyeyagundua hayo ni Mwantumu Mhando. Miaka sita alipima mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, mpaka akapata jedwali kamili. Mkuu wake, Dokta Shekigenda, akaliandikia jina lake yeye mwenyewe peke yake, tena kwa macho makavu, akatangaza kuwa Mwantumu alikuwa muosha chupa. Haya, muosha chupa! Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wiki ya mwisho Shekigenda alitaka kupigwa picha akipima mwenyewe, akaiacha chupa ya chumvi wazi kutwa nzima. Chumvi ile ina kiu, hunywa unyevu wa hewa ya pwani, na tone la maji huulegeza mnato wake vibaya sana. Kipimamnato kikampa namba ndogo, naye akaiingiza kwenye jedwali na kupunguza spiriti. Mwantumu aliiona chupa, akaiona namba, akanyamaza. Ndani ya bomba kavu chumvi ingebaki nzito mno, breki ingekwama mbele ya kadamnasi, na alichotaka ni hicho tu, mtu yule aumbuke.

Siku ya uzinduzi Shekigenda aliingia chumbani na mwendeshaji, Mwajabu, aliyezoea kugawana na Mwantumu mihogo ya saa nne. Mwantumu alipomwona moyo ulimlipuka. Hata hivyo hakuinua mguu kwenda kumwonya.

Ghorofa ya arobaini breki ikashika ghafla. Kwenye kipaza sauti Shekigenda akasikika akihema, akisema Mwajabu amegonga kichwa na anatoka damu nyingi.

Mafundi wakahangaika. Mwantumu akasogea kwenye mitambo, akamweleza mkaguzi wa serikali, Bwana Semboja, kwamba wasukume spiriti kwenye breki, ila kiasi anakijua yeye.

"Aseme kwanza jedwali ni la nani," akasema.

Semboja alimsihi. Huko juu Shekigenda akang'ang'ania ubishi wake, dakika tano, kumi. Mwantumu akakunja mikono. Ya kumi na mbili, sauti ikashuka na umati mzima ukaisikia.

"Jedwali ni la Mwantumu. Namba zote ni zake."

Roho ikamsuuzika. Akataja kiasi, spiriti ikasukumwa, chumvi ikalegea, chumba kikashuka taratibu. Mwajabu akatolewa amefunikwa kanga mpaka usoni. Roboti tabibu lililompima likasema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba angefikiwa dakika kumi mapema angepona.

Semboja akalifungua jedwali, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Bi Mwantumu, umetaka namba zote ziwe zako. Na hii iliyokwamisha?"

Mwantumu akafungua kinywa aseme si yake, kwamba aliiona chupa ikiwa wazi. Kusema hivyo kulikuwa kukiri kwamba alijua, na bado akamwacha Mwajabu apande. Shekigenda alikuwa amekaa sakafuni, damu ya Mwajabu imemlowesha shati, anamtazama na kungoja jibu.