Madeni ya Nchi ya Zumbari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lavender hutumwa maziwa. Kwao ni Soweto East, Kibera, na vibanda vya karibu vinavyouza maziwa ni vitatu. Leo akikopa kwa Mama Celine, mwenye kibanda kimoja, kesho hukopa kwenye kibanda cha jirani yake, na kote huko husema kwa macho makavu kwamba hawadaiwi kwingine. Mama yake, anayeuza mitumba Soko la Toi, hulipa kila deni bila kujua uongo huo. Lavender aliuona kuwa werevu. Mtu akijua una madeni mengi, si atakunyima?

Jumamosi moja alienda na werevu wake hadi Kawangware. Shule kadhaa zilikutana huko kwa mchezo wa mataifa, ambapo kila meza ni nchi na pesa ni maharagwe. Shule yake ilipewa nchi ya kubuni iitwayo Zumbari. Marvin alikuwa rais, naye Lavender waziri wa fedha. Mara kwa mara gharama zilitangazwa: dawa za hospitali, uji wa shuleni, barabara. Nchi ikishindwa kulipa inatolewa, na watu wake wanakaa kutazama wenzao mpaka jioni. Lavender hakutaka kabisa yawapate hayo. Marvin alikuwa hata amepiga viatu rangi.

Na Marvin ndiye aliyeanza kuharibu mambo. Mchezo haujashika kasi, tayari alikuwa amenunua gari la rais na ndege ya rais, vyote vya karatasi, kwa rundo zima la maharagwe. Kisha ukatangazwa ukame, mazao ya Zumbari yakakauka. Lavender alikopa kwenye meza ya Hope, halafu kwenye meza ya Chris, mawaziri wa fedha wa nchi nyingine, huku akimhakikishia kila mmoja kuwa ni yeye peke yake anayewadai. Haikusaidia. Sahani yao ilibaki na maharagwe machache, moja likiwa limetobolewa na wadudu.

Njia pekee iliyobaki ilikuwa Mfuko wa Mataifa, meza ya mbele ambapo nchi zote ziliweka akiba ya kuokoana. Mkuu wake alikuwa Wagaki, msichana wa hapo Kawangware, mwenye miwani na asiyecheka ovyo.

"Zumbari mnadaiwa na nani?" aliuliza Wagaki.

"Na nchi ya Hope tu," Lavender alijibu, kwa ile sauti yake ya kibandani.

Masikini, alisahau kwamba hapa wadai wote walikuwa chumba kimoja. Chris alisimama. "Na sisi je? Si ulituambia tuko peke yetu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wagaki akalifunika bakuli la Mfuko, akasema hawezi kutoa akiba ya wote kwa nchi ambayo hajui deni lake lote ni kiasi gani.

"Lavender, umetuchomea, umetuaibisha," Marvin alinong'ona.

Lavender aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ndipo akakumbuka chama cha mama yake, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Huko anayeomba mkopo husimama mbele ya akina mama wote, akamtaja kila anayemdai, hata wa sukari, kisha wenzake ndio wanaamua. Siku zote alidhani ni kuwaaibisha watu bure. Sasa alisimama.

"Nilidanganya," alisema. "Tunadaiwa na Hope, tunadaiwa na Chris, na hospitali hatujailipa. Ndege tulinunua, na hata uwanja wa kutua hatuna. Tunaomba mtusaidie."

Walicheka tena, lakini safari hii Wagaki naye alicheka. Majadiliano yakaanza. Hope alikubali kungoja. Chris, baada ya kununanuna kidogo, alisamehe sehemu ya deni lake. Mfuko ungetoa maharagwe kidogo kidogo, kwa masharti: ndege iuzwe, na uji wa shuleni upunguzwe.

"Ndege chukueni," Lavender alisema. "Uji hapana. Hao watoto ndio watakaofanya kazi ya kulipa deni hili."

Wagaki alishauriana na wenzake, kisha akaamua kuuacha uji na kuchukua gari la rais. Marvin alilalamika, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Jioni ilipofika Zumbari walikuwa bado mchezoni. Walishika nafasi ya pili kutoka mwisho, wakashangilia utadhani wamebeba kombe.

Mwalimu wao, Mwalimu Muia, aliwaita pembeni. Aliwaambia kwamba hata nchi za kweli huelemewa na madeni, na nyingine huja kuzisaidia.

"Lakini msaada huo ni jasho la watu," alisema, "na wa kuulipa ni watoto kama nyinyi. Kwa hiyo semeni ukweli wote. Ukificha deni hulipunguzi. Unawaficha tu wale ambao wangekusaidia kulibeba."

Lavender aliitikia kwa kichwa, akiwakumbuka Mama Celine na wenye vibanda wengine, kisha akaenda kumsaidia Wagaki kukusanya maharagwe.