Kiti cha Nyuma

Asubuhi mjomba wangu alipolileta gari nyumbani, jua lilikuwa limetulia na kila mtu mtaani alikuwa na utani wake. Mjomba ni fundi cherehani. Watu wanamwita Milimita, kwa sababu hawezi kupita penye pazia lililopinda bila kulinyoosha, na akikutupia jicho mara moja tu anakijua kiuno chako kuliko unavyokijua mwenyewe.

Gari alilinunua kwa ajili ya binti yake. Mkewe alishafariki, na huyo binti wa pekee ndiye aliyebaki kuwa mboni ya jicho lake. Sasa alikuwa anaolewa. Mjomba alitaka kumpeleka ukumbini mwenyewe, ndani ya gari la zamani linalong'aa, ili watu wasiseme kwamba mtoto wa marehemu ameondoka kinyonge.

Lakini gari lenyewe lilikuwa mseto. Bodi ilitoka kwenye gari moja, boneti kwenye jingine, na injini ilikuwa ya gari la mizigo. Kiti cha nyuma, kipana kama benchi, kilikuwa kimeungwa kwa vipande vya magari matatu: ngozi nyeusi, ngozi ya rangi ya damu ya mzee, na katikati ngozi ya kijivu.

"Hili gari lina baba wangapi?" akauliza jirani muuza mkaa.

"Wengi," akajibu fundi wa gereji aliyeliunda. "Ndiyo maana halina adabu."

Watu wakacheka. Walipotawanyika, fundi wa gereji akamvuta Mjomba pembeni.

"Milimita, mimi nakujua. Rangi paka, vioo badilisha. Hicho kiti cha nyuma kiache. Kila kipande na ngozi yake."

"Kwa nini?"

"Vile vipande havijuani. Na ni heri visijuane."

"Kwani magari yenyewe yalikuwa ya nani?"

Fundi alifuta mikono yake kwenye suruali, polepole, ingawa haikuwa na grisi.

"Ndugu yangu, gari zima nani atalikata vipande?"

Mjomba aliyachukulia hayo kuwa maneno ya gereji. Mafundi wa magari wana hadithi nyingi kuliko spana. Isitoshe, fundi cherehani ampeleke binti yake harusini akiwa amekalia viraka? Wangesema kinyozi hajinyoi. Akachagua kitambaa kizito cha rangi ya maziwa, akashona foronya moja ya kiti kizima, isiyo na kiungo hata kimoja, akaivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma. Nyeusi, kijivu na damu ya mzee zikapotea chini yake. Alipitisha kiganja toka mwisho hadi mwisho. Hapakuwa na kunyanzi.

Kesho yake kitambaa kilikuwa kimebonyea mahali patatu.

Mjomba alisimama na kikombe chake cha chai, akatazama. Mtu mwingine angesema sponji imechoka. Yeye kazi yake ni kusoma miili ya watu kwenye nguo. Upande mmoja alikuwa amekaa mwanamume mzito, mwenye kuegemea kushoto. Upande wa pili, mwanamke mwenye nyonga pana. Katikati, mtoto. Chini ya bonde la mtoto, kwenye ukingo wa kiti, palikuwa na alama mbili ndogo nyeusi, pale visigino vinapogonga mtoto akichezesha miguu.

Milango ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Aliikaza foronya upya. Hakumwambia mtu. Binti yake alikuwa na furaha, na gauni lilikuwa bado linataka pindo. Furaha ya mwali ni kama unga, ukiupulizia tu umekwisha.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wamesogea.

Yule mwanamke na mtoto walikuwa wamebanana mlangoni, bonde juu ya bonde. Mwanamume alikuwa amejikunja upande wake. Kati yao kitambaa kilikuwa kimetulia, laini, hakijaguswa. Ndivyo watu wanavyokaa wanapompisha mgeni.

Mjomba alitoa futi shingoni, akalipima lile pengo. Alilijua jibu kabla hajasoma, kwa sababu kipimo kile alikuwa nacho kichwani. Alikuwa amekipima juzi, ili kukata gauni la harusi.

Zilikuwa nyonga za binti yake.

Alifunga mlango taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Akamkuta binti yake chumbani, amekwisha kuvaa, maana siku yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu mdogo, "leo tutakwenda kwa miguu."

"Na gari, baba?"

"Gari limeharibika."

"Jamani, baba! Umelihangaikia hivyo!"

"Mama, tafadhali. Usilisogelee."

Akaenda kuoga, moyo umeanza kushuka. Kosa lake lilikuwa hilo. Ukimwambia mtoto asisogelee kitu bila kumwambia sababu, unampa safari. Binti alimhurumia baba yake. Akafikiri, hata kama gari haliendi, si nitalikalia tu, nipigwe picha, afurahi? Ufunguo aliuona mezani.

Mjomba alitoka na taulo shingoni. Ua ulikuwa kimya. Hata kuku walikuwa wamehamia upande wa pili wa ukuta.

Nyuma ya kioo aliona shela jeupe.

Alikimbia. Akavuta mlango, ukafunguka bila shida yoyote. Binti alikuwa amekaa katikati, wima, mikono magotini. Hakugeuza kichwa.

"Toka, mama."

"Siwezi," akanong'ona. "Gauni limenasa."

"Limenasa wapi?"

"Wamesema tuwe na subira. Anamalizia."

Mjomba akainama. Gauni halikuwa limenasa. Lilikuwa limeshonwa. Pindo lote la upande wa kulia lilikuwa limeungwa na foronya, kwa mishono midogo ya mkono, iliyokaza vizuri. Na mshono ulikuwa unaendelea. Sindano haikuonekana. Uzi tu ulikuwa ukizama na kuibuka. Ukizama. Ukiibuka.

Injini ikaanza kunguruma. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa binti.

Mjomba alirudi ndani mbio, akachukua mkasi. Gauni lile ndilo lililokuwa kazi bora ya maisha yake. Alilikata bila kupima. Kitambaa kilivutwa kutoka upande wa pili, kwa nguvu, naye akakata tena, akamshika binti kiunoni, wakaanguka wote mavumbini.

Injini ikanyamaza. Kipande cheupe kikabaki kitini.

Binti aliolewa siku hiyohiyo, kwa miguu, gauni likiwa na pande mbili zisizolingana. Watu walidhani ni fasheni. Waliyomwambia mle ndani hajawahi kuyasema, na baba yake hajamuuliza.

Kesho yake gari lilivutwa hadi gereji. Fundi hakusema "nilikwambia". Alifumua foronya, akatenganisha vile vipande vitatu vya kiti, akaviweka kila kimoja kwenye kona yake. Kisha akamwita Mjomba mbele, sauti ya chini.

"Wewe umeweka hiki?"

Kwenye kiti cha dereva kilikuwa kigauni cheupe cha mtoto, kimekunjwa vizuri. Mjomba alikitambua kitambaa. Akakigeuza, akatazama mishono kwa ndani, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Mikono mitatu ilikuwa imekishona. Mmoja ulikuwa wa mtu anayejifunza tu.

Bega moja halikuwa na mkono. Kitambaa hakikutosha. Sindano ilikuwa bado imechomekwa pale, na uzi wake ulikuwa mrefu.