Ngazi Zisizo na Mwenyewe

Kila asubuhi Randa na mkewe walitoka nyumbani pamoja. Randa alikuwa seremala katika karakana ya serikali. Waliompa jina hilo walisema zamani randa haikumtoka mkononi. Mkewe alikuwa fundi rangi. Alipaka kuta ndefu za mji, akipanda ngazi zilizotengenezwa na karakana hiyohiyo.

"Ngazi zenu siku hizi zinacheza," mke alisema njiani.

"Basi usiangalie chini," Randa alijibu.

Mke alicheka. Ndivyo walivyozoea kutaniana.

Ngazi imara hutobolewa matundu, vipandio vikapenyezwa ndani. Ni kazi ya kuchosha. Karakana ilikuwa imeacha kutoboa matundu. Walipigilia misumari tu, kisha wakapaka rangi kuficha aibu. Randa alijua kabisa kwamba ni hatari. Lakini ngazi nzuri na mbovu zilitupwa lundo moja, zikapigwa muhuri mmoja. Mshahara nao ulikuwa mmoja. Na usimamizi je? Alipewa mpwa wa mkurugenzi, bingwa wa kupiga makofi mikutanoni, ambaye hata randa aliishika juu chini. Basi Randa naye akachukua misumari.

Mchuma janga hula na wa kwao. Siku moja kipandio kiling'oka, mkewe akaanguka kutoka juu. Nyonga ilivunjika vibaya. Daktari hakuficha: hatapanda ngazi tena.

Randa alikaa kando ya kitanda, akalia.

"Ni wewe uliyeitengeneza?" mke aliuliza.

"Sijui, mke wangu. Haki ya Mungu sijui. Zote zinafanana."

Jibu hilo lilimuuma mke kuliko nyonga.

Jirani yao, mshonaji katika ushirika wa kina mama, alikuja kumpa pole.

"Shemeji, wewe ulikuwa fundi wa kutajwa," alisema. "Umepatwa na nini?"

"Nilikata tamaa. Ukijitahidi, huambulii kitu. Ukilipua kazi, hakuna anayekuuliza."

"Lawama sikuondolei. Lakini cheo kikitolewa kwa makofi, watu watapiga makofi. Sisi kwenye ushirika kila mmoja hutia alama yake kwenye nguo. Ikifumuka, inarudi kwa mwenyewe. Ikipendwa, sifa ni zake. Na msimamizi tunamchagua wenyewe, kwa kazi yake."

"Mkurugenzi hatakubali."

"Na sisi tunaopanda, nani ametuuliza?" mke alisema kutoka kitandani.

Aliwaita mafundi rangi wenzake, wakaja wote. Wakagoma kupanda ngazi isiyo na alama ya fundi. Mkurugenzi, ambaye mafundi rangi pia walikuwa chini yake, alifoka, akatishia kuwafukuza. Kuta zikabaki bila rangi, mpaka akasalimu amri. Kila seremala akachoma alama yake kwenye mbao. Cheo bado anacho mpwa, na hilo wanaendelea kulipigania. Lakini matundu yamerudi. Maseremala hukaguliana kazi na kuchekana, na aliyelipua huona haya, akaanza upya. Tangu hapo hajaanguka mtu.

Randa alileta nyumbani ngazi yake ya kwanza yenye alama. Mkewe aliegemea mkongojo, akavuta kipandio kimoja kimoja kwa nguvu. Hakuna kilichotoka. Akaipapasa alama ya mumewe.

"Nzuri," alisema. "Mwenzangu akianguka na hii, atajua wa kumlaumu."

"Atajua," Randa alijibu.